Swali la Kumi na Saba

Jina alilopewa na bibi yake limo kwenye vyeti vyake vyote, lakini chuoni hakuna anayelitumia. Wanafunzi humwita Dokta Dodoso, na wenzake wa idara ya uchumi hulikata nusu, wakasema Dodoso, basi. Lilianza siku ya mahafali yake mwenyewe, alipofika akihema, joho begani na bunda la madodoso kwapani, kwa sababu asubuhi hiyo zilikuwa zimebaki kaya tatu ambazo hajazihoji. Jina lenyewe halimuudhi. Husema wapo walioitwa vibaya zaidi kwa makosa madogo zaidi.

Kazi yake ni kutafiti soko la ajira mkoani: nani ana kazi na nani hana, kazi zimejaa wilaya ipi na zimeikimbia ipi, na uchumi unaposemekana umekua, umekua pamoja na nani. Vitabuni jambo hilo huitwa ukuaji jumuishi. Baba yake, aliyekuwa fundi mitambo, alipoelezwa mara ya kwanza alifikiri kidogo akasema, "Yaani sufuria limejaa, wewe unataka kujua nani hana sahani." Dodoso amesoma vitabu vingi tangu siku hiyo na hajaona maelezo mafupi kuliko hayo.

Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, safu ya nyumba arobaini zilizoshikana kuta, ambako jirani akikohoa unampa pole bila kuinuka kitandani. Baba alitengeneza mitambo ya kufuma. Mama alikuwa nyumbani. Ndivyo kila mtu alivyosema, na ndivyo mama mwenyewe alivyosema: mimi nipo tu nyumbani. Humo nyumbani kulikuwa na cherehani ya miguu iliyolia kuanzia alfajiri, na nusu ya watoto wa mtaa walivaa sare zilizotoka kwenye cherehani hiyo.

Akiwa darasa la saba kiwanda kilifungwa. Hakikufungwa kwa kelele. Lilibandikwa tangazo getini siku ya Jumatatu, likiwa na muhuri. Kwa miezi mitatu baada ya hapo baba yake aliendelea kunyoa ndevu kila asubuhi, akavaa ovaroli, akaenda mpaka getini, akasimama na wenzake hadi jua likawachoma, akarudi. Kisha nyumba zikaanza kuhama moja moja. Binti akachukua daftari, akaipa kila nyumba ukurasa wake, akawa anaandika: nyumba ya tatu wameenda kwa shemeji yao, anachimba mawe, nyumba ya tisa baba kaondoka peke yake, mama anauza mkaa.

"Unaandika nini?" mama yake alimuuliza.

"Naandika watu wameenda wapi."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

Mama akatazama kurasa mbili tatu. "Basi andika kwa mwandiko unaosomeka. Jambo usilotumwa ndilo la kulifanya vizuri."

Alimaliza shule, akaingia chuo, akatoka na shahada, akafundisha hisabati sekondari kwa miaka sita kwa sababu tumbo halingoji utafiti. Akaolewa na fundi umeme, mtu wa maneno machache na mizaha mingi, wakapata mtoto wa kike. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu aliporudi chuoni kusomea uzamivu, akakabidhiwa kwa Profesa.

Profesa alikuwa mkuu wa idara na ndiye mtu aliyejua takwimu za ajira za mkoa ule kuliko yeyote. Shati lake halikuwahi kukunjamana. Alikuwa mkali kwa namna ya kufaa: ukimletea jedwali lenye kosa moja, hakukuonyesha kosa, alikurudishia kurasa zote na kusema, "Limo humo. Tafuta." Dodoso alijifunza kwake kuliko alivyojifunza kwa mtu mwingine yeyote, na hilo halijabadilika hata baada ya yote yaliyotokea.

Alipohitimu akabaki idarani kama mhadhiri, na siku hizo wilaya ya kusini ilikuwa imepata kiwanda kikubwa cha mashati. Magari ya makontena yalitoka pale kila siku, na kwenye taarifa za mkoa mstari wa ukuaji ulipanda kama ngazi. Dodoso na Profesa wakaamua kuuliza swali la wazi: je, watu wa wilaya yenyewe wamepata kazi? Wakatunga dodoso la maswali sitini na manne. Swali la kumi na saba lilisema: *Je, una kazi?* Aliyejibu ndiyo aliendelea na la kumi na nane. Aliyejibu hapana alirushwa mpaka la thelathini na tano. Maswali yote ya katikati, unafanya saa ngapi, nani anakulipa, anakulipa vipi, yalikuwa ya wenye kazi.

Walihoji kaya mia saba. Mia moja na ishirini kati ya hizo alizihoji Dodoso mwenyewe, kwa miguu. Wakakuta kwamba kati ya kila wanawake mia moja wa wilaya ile, thelathini na mmoja hawana kazi, na karibu wote hawajawahi kusomea ufundi wowote. Makala ikaandikwa kwa majina mawili, ikachapishwa kwenye jarida la kuheshimika. Ilipendekeza vituo vya kufundisha ushonaji, ili wanawake wale wapate ujuzi na milango ya kiwanda iwafungukie.

Likatokea jambo ambalo watafiti wengi hufa bila kuliona: serikali ya mkoa ikaisoma makala, ikaiamini, ikajenga. Kituo kikasimama, ukuta mweupe, bati la buluu, cherehani thelathini. Dodoso alialikwa siku ya ufunguzi, akakata utepe akiwa kati ya Profesa na katibu wa mipango wa mkoa. Picha ile ilitundikwa kwenye korido ya idara.

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye katibu alimwandikia barua. Mkoa unataka kujenga vituo vinne zaidi kwenye wilaya nne, na unaomba saini yake kama mtaalamu. Ilikuwa barua nzuri. Ilifika wiki ileile faili lake la kupandishwa cheo lilipoingia kwenye meza ya chuo, na makala ile ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Profesa alimpongeza kwa kumshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Nitasaini," alisema Dodoso, "ila nikakione kwanza kile cha kwanza."

"Si ulikizindua mwenyewe?"

"Nilikata utepe, Profesa. Sikuingia ndani."

Alipofika, mlango ulikuwa wazi. Cherehani zilikuwa zimepangwa mistari mitano, na nyingi bado zimevikwa plastiki zilizotoka nazo dukani. Wanafunzi walikuwa wawili. Mkufunzi, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, alikuwa anajaza fumbo la maneno gazetini.

"Wengine wako wapi?"

"Wengine wapi? Hawa ndio wote, na huyu mmoja ni mpwa wangu."

"Lakini wilaya hii ina maelfu ya wanawake wasio na kazi."

Mkufunzi akakunja gazeti. "Mwalimu, nimepita nyumba kwa nyumba kuwaita. Wananiambia hawana muda."

"Hawana kazi na hawana muda?"

"Hata mimi nilishangaa, mpaka nilipoacha kusimama mlangoni nikaingia uani. Twende nikuonyeshe. Hapa hakuna atakayeiba chochote, hata mwizi anataka mahali penye watu."

Walitembea mitaa miwili. Kwenye ua wa nyumba ya tatu kutoka kona walikuta wanawake sita wameketi juu ya mikeka na ndoo, katikati yao rundo jeupe. Yalikuwa makola. Mmoja anayageuza kwa ncha ya mkasi, wa pili anakata nyuzi, wa tatu na wa nne wanashona vifungo kwenye mashati yaliyokwisha, na kila bunda lilifungwa kwa utepe wenye kikaratasi cha namba. Mwenye nyumba aliitwa Mama Pacha. Aliinua macho, mikono haikusimama.

"Karibu, mwalimu. Kaa kwenye ndoo hiyo, haina maji. Sisi tumeshaonana."

"Tumeonana?"

"Ulivaa koti la buluu. Uliniuliza maswali machache ukanishukuru ukaondoka. Jirani yangu ulimkalia saa nzima mpaka nikaona wivu."

"Jirani yako anafanya kazi wapi?"

"Ni mlinzi getini, kiwandani."

Dodoso akasogeza ndoo karibu. "Na wewe nilikuuliza kama una kazi."

"Nikakwambia sina."

"Wakati ule ulikuwa unafanya nini?"

Mama Pacha akamtazama kama unavyomtazama mtu mzima anayeuliza jua huchomozea wapi. "Hivihivi. Nilikuwa nashona tu. Hukuona? Si uliliruka bunda ukapita?"

Aliona. Alikumbuka hata kuinua sketi asilikanyage.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Hukuniuliza. Wewe uliuliza kazi. Kazi ni kuingia getini, upewe barua, uugue ulipwe. Hii ni kuhangaika. Asubuhi mpaka jioni nahangaika, nikikosea kola nakatwa, nikiugua bunda linaenda kwa mwingine. Sasa hiyo nayo utaiita kazi?" Wanawake wenzake wakacheka, na aliyekuwa anakata nyuzi akasema, "Labda aiite mume, maana haikuachi upumzike."

Siku iliyofuata Dodoso alishuka stoo ya idara, akafungua maboksi. Dodoso la kaya ya mia moja na kumi na nne, ya Mama Pacha, lilikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe, mzuri, unaosomeka. Swali la kumi na saba: *Hapana. Ruka hadi 35.* Akapekua mengine. Pembeni mwa karatasi, mahali pa maoni, wahojaji walikuwa wameandika kwa penseli mambo ambayo hakuna aliyeyaingiza kwenye kompyuta: *anasema nauza tu mboga*, *anasema nasuka tu nywele*, *nalima tu*, *nafua tu nguo za watu*. Alikaa chini sakafuni, maboksi yamemzunguka, akasoma hadi mtunza stoo alipokuja kumuuliza kama ameanguka.

Alasiri hiyo alimkuta mama yake, aliyehamia kwake baada ya baba kufariki, anakunja nguo sebuleni.

"Mama, enzi zile, ulikuwa na kazi?"

"Mimi? Kazi alikuwa nayo baba yako."

"Na kiwanda kilipofungwa?"

"Hakuna aliyekuwa na kazi pale. Ilikuwa shida tupu."

"Ada yangu ililipwa na nini?"

Mama akalaza blauzi juu ya goti, akainyoosha. "Nilikuwa nashona tu, mwanangu."

Dodoso alitaka kucheka, badala yake machozi yakamtoka. Mama akamuuliza nani kamuudhi chuoni, na yeye akasema amejiudhi mwenyewe. Alipofuta uso alikuwa ameshaamua. Makala itaondolewa, na utafiti utarudiwa.

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo lililokuwa baya kuliko kukatizwa.

"Andika makala mpya," alisema. "Sema tumegundua zaidi. Ya zamani iache ilale."

"Hailali, Profesa. Kwa sababu yake wanataka kujenga vituo vinne vingine, vya watu ambao hawapo."

"Unajua kuondoa makala ni nini? Jina langu limo. Nina miaka thelathini na mmoja katika fani hii. Na faili lako liko mezani. Mtu hakati tawi alilokalia, tena kwa msumeno wa kuazima."

"Umenifundisha kwamba kosa likiwemo, limo. Nimelitafuta, nimeliona."

"Nilikufundisha pia kuwa na akili." Profesa akageukia dirisha. "Sisaini. Na fedha za idara sizitoi."

Jarida lilitaka saini za waandishi wote wawili. Katibu wa mipango naye, alipopigiwa simu, alinguruma kwanza, kisha akasema mafundi wanaanza kuchimba misingi baada ya miezi mitano. Akiwa na ushahidi aulete kabla, asipokuwa nao asiwasumbue watu. Dodoso akaomba likizo zake zote alizolimbikiza kwa mkupuo mmoja.

"Watu huomba likizo wapumzike," mumewe alisema, "mke wangu anaomba likizo akafanye kazi." Lakini ndiye aliyemtafutia nyumba ya kupanga kusini, chumba kimoja na meza, akafunga taa mbili na soketi, akarudi kwa mtoto.

Wanafunzi wake sita wa zamani walikubali kumfuata kwa nauli na chakula. Aliwaketisha kwenye meza ile akawaonyesha dodoso jipya. Swali la kumi na saba lilikuwa limefutwa. Mahali pake palikuwa na hili: *Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulifanya nini?* Na chini yake mistari mitupu ishirini na minne, mmoja kwa kila saa.

"Mtaambiwa sifanyi kitu," aliwaambia. "Msibishe. Ulizeni, ukaamka, ukafanya nini? Halafu? Halafu? Mtu yeyote asirushwe swali lolote. Na mkilisikia neno *tu*, simameni hapo hapo, chimbeni."

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kwa aliyejibu hapana, dodoso la zamani lilichukua dakika ishirini, hili lilichukua saa na nusu, kwa sababu watu wakianza kusimulia jana yao hawataki kuishia jana. Wiki ya tatu wahojaji wawili waliaga, mmoja kwa sababu ya malaria, mwingine kwa sababu alipata kazi benki, na Dodoso alimwandikia barua nzuri ya utambulisho kisha akazigawa kaya zake kwa wanne waliobaki na yeye mwenyewe. Viatu vyake viliachia soli, akavipeleka kwa fundi, akasubiri peku huku anamhoji fundi. Kuna nyumba walizofukuzwa. Kuna nyumba ambako mume alisimama mlangoni akasema, "Mke wangu hafanyi kazi, niulizeni mimi," na nyuma yake cherehani ikasikika ikikimbia.

Kiwandani meneja wa uzalishaji alimpokea kwa adabu na kiti. "Hatuna wafanyakazi wa majumbani," alisema. "Wote wako ndani ya geti. Mnaweza kuwahesabu."

"Na makola?"

"Makola hushughulikiwa na wakala."

"Wakala anayashughulikia wapi?"

"Hilo mwulizeni wakala."

Dodoso alitoa kwenye mkoba vikaratasi kumi na viwili vya namba, kila kimoja kutoka ua tofauti, akavipanga mezani pembeni ya mashati ya sampuli yaliyokuwa na namba za mfululizo uleule. Meneja akavitazama, akasema kikao kimekwisha. Hakusema tena kwamba hawapo.

Kila Ijumaa kijana wa posta ya chuo alipeleka bahasha ofisini kwa Profesa. Ndani yake zilikuwamo nakala za madodoso arobaini, majina yamefichwa, bila barua. Ijumaa ya kwanza Profesa hakujibu. Wala ya pili. Karani wa idara alimpigia Dodoso simu kumwambia bahasha hazifunguliwi, zimelundikana juu ya kabati. Dodoso akasema sawa, akatuma nyingine. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Wiki ya saba Profesa alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye gari na shati lake lililonyooka, akaingia kwenye kile chumba kimoja, akakosa mahali pa kukaa kwa wingi wa makaratasi. Mkononi alikuwa na dodoso moja.

"Huyu," alisema. "Saa kumi na moja alfajiri vifungo. Saa mbili vifungo, ananyonyesha. Saa tano vifungo. Saa kumi anapeleka bunda, anarudi na lingine. Saa moja usiku vifungo. Na mwisho, kwenye shughuli yake kuu, ameomba aandikwe *mama wa nyumbani*."

"Wako mia mbili na tisa kama huyo, mpaka jana."

Profesa alilegeza kola ya shati lake kwa kidole, ghafla kama mtu aliyeikumbuka. "Umenitia aibu, Dodoso. Nataka ulijue hilo. Sitalisahau na sitajifanya nimelisahau." Akanyoosha mkono. "Hiyo barua ya jarida iko wapi? Nipe na kalamu."

Kikao cha mkoa kiliitwa siku kumi kabla ya misingi kuchimbwa. Ukumbi ulikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na wakuu wa idara kumi na wanne. Dodoso aliwaeleza: kati ya wanawake mia moja wa wilaya ya kusini, wasiofanya kazi yoyote si thelathini na mmoja, ni sita. Wengine wanafanya, kwa wastani saa kumi na moja kwa siku, na wale wa mabunda ya mashati hupata chini ya theluthi ya anachopata aliye ndani ya geti kwa kola ileile. Uchumi umekua kweli. Umepita kwenye nyua zao kila siku na haujabisha hodi.

Katibu wa mipango aliweka kalamu chini. "Dokta, mwaka juzi ulitwambia hawana kazi. Tukajenga. Leo unasema kazi wanazo, tena nyingi mno. Tukuamini lini?"

"Mwaka juzi nilikosea, na nimeandika hivyo, kwa jina langu. Leo msiniamini mimi. Nimekuja na aliyenisahihisha."

Mama Pacha alikuwa ameketi kiti cha mwisho. Alikubali kuja kwa sharti moja: bunda lake lilitakiwa kurudi saa nane, kwa hiyo amekuja nalo. Tangu kikao kianze alikuwa anashona vifungo, shati moja likiisha, la pili linaingia mapajani, na wakubwa wawili walikuwa wamesahau hotuba wakawa wanatazama sindano. Aliposimama kusema, alisema huku anashona.

Katibu akakunja uso. "Mama, tafadhali. Unaweza kuiacha hiyo kazi kidogo utuzungumzie?"

Mama Pacha akainua macho. "Asante, mheshimiwa. Miaka minne naifanya, wewe ndiye mkubwa wa kwanza kuiita kazi."

Mmoja akacheka, kisha wengi, na mwisho katibu mwenyewe, huku anapangusa paji la uso. Baada ya hapo waliuliza maswali ya maana. Walimuuliza bunda lina makola mangapi, nani anaandika makosa, nani anaamua kukatwa. Alijibu yote. Saa saba na nusu alifunga utepe, akaaga, akaondoka, akawaacha katikati ya ajenda.

Yaliyofuata hayakuwa ya ngano. Vituo vitatu kati ya vinne vilisimamishwa. Cha nne kilijengwa, kwa sababu mkandarasi alikuwa ameshalipwa na ni mtu wa wakubwa. Kile cha kwanza kiligeuzwa mahali pa kupokelea na kukagulia mabunda, na cherehani zilizovuliwa plastiki zikatumiwa na wanawake waliojiunga kikundi, mkufunzi akiwa katibu wao. Kiwanda kilikubali, baada ya mwaka mzima wa kuvutana, kutoa hati ya maandishi kwa kila bunda na kutokata malipo bila kuonyesha kosa. Malipo yalipanda kidogo. Mabunda mengine yalihamishiwa wilaya jirani ambako hakuna kikundi, na wanawake wapatao themanini wakabaki mikono mitupu. Dodoso anawataja hao themanini kila anapotoa mada, hata pale wenyeji wake wanapotamani ataje mafanikio peke yake.

Makala iliondolewa. Picha ya utepe nayo ilitolewa kwenye korido, hakuna aliyekiri kuitoa. Faili lake la cheo lilirudishwa likiwa na sentensi mbili, akalipeleka tena, likarudishwa tena. Kwenye chai ya idara walikuwepo waliohamisha vikombe vyao akikaribia. Profesa alitimiza neno lake: hakusahau. Mwaka mzima walisalimiana kwa vichwa. Lakini alipostaafu, katika mapendekezo yake ya mwisho kwa chuo, aliandika kurasa nne juu ya Dodoso, na karani aliyezipiga chapa alisema alizirudia mara tatu kwa sababu mzee hakuridhika na neno moja la sifa aliloona ni dogo mno.

Cheo kilikuja mwaka wa nne. Barua ilimkuta wilaya ya machimbo ya mawe, ameketi kwenye kifusi na mwanamke anayeponda kokoto, wote wawili wamejifunga leso puani kwa vumbi. Mhojaji aliyefuatana naye alimsomea kutoka kwenye simu kwa sauti ya shangwe.

"Vizuri sana," alisema Dodoso. "Waambie nimeshukuru." Akamgeukia yule mwanamke. "Samahani, dada. Ulikuwa umefika saa tano. Nyundo ikavunjika mpini. Halafu ukafanya nini?"